Amri Ambayo Haikuwemo Kitabuni

DONATILLE: Haloo, ofisi ya mbegu, Mpanda. Nani mwenzangu?

SALVATOR: Haloo? Haloo, nani hapo? Nasikia kama mtu anakaanga karanga.

DONATILLE: Ni mvua, iko kwenye bati. Ongeza sauti.

SALVATOR: Ni Salvator. Salvator wa kompyuta, nipo Tabora. Naongea na dada Donatille?

DONATILLE: Ndiye, mwalimu. Habari za siku.

SALVATOR: Nzuri tu. Mpanda mnasemaje?

DONATILLE: Mpanda ipo, ila imefungwa. Reli imekatwa na maji tangu kabla ya Noeli, hakuna kinachoingia. Sukari tunaitafuta kwa tochi.

SALVATOR: Tunawasikia redioni. Hata kwetu Karema wanasema ziwa limepanda mpaka kwenye mihogo. Na nyie nyumbani wazima? Mzee je? Kwenye mafunzo ulisema kifua kinamsumbua.

DONATILLE: Mzee alipumzika.

SALVATOR: Rudia, laini inakwaruza.

DONATILLE: Baba alifariki, mwalimu. Mwezi wa kumi na mbili. Tulimzika kulekule makazi ya wakimbizi, Katumba.

SALVATOR: Aisee. Pole. Pole sana, dada. Mbona tuliongea mwezi wa kwanza, ulinipigia mwenyewe, na hukuniambia?

DONATILLE: Siku ile nilikuwa na shida nyingine. Sema tu, mwalimu, simu inakula hela.

SALVATOR: Ni ya kadi, nipo posta. Nimekupigia kwa ajili ya kitabu. Kile cha maelekezo, cha programu ya kutunza diski niliyowawekea.

DONATILLE: Ninacho hapa mezani. Kimemwagikiwa chai.

SALVATOR: Nakitoa upya. Sasa juzi nilikuwa naandika amri, nikakosea herufi, programu ikanitolea amri zake zote kwenye kioo. Nazisoma, naona moja siijui. Nikachukua kile kitabu chao cha Kizungu, nimekipekua mwanzo mpaka mwisho, haimo. Na kwa kuwa kwao haimo, mimi nilipotafsiri ningeitoa wapi? Walioitengeneza waliisahau wenyewe. Imekaa mle miaka yote na hakuna aliyeambiwa.

DONATILLE: Inafanya kazi gani?

SALVATOR: Inarudisha vilivyofutwa.

(Mvua inasikika.)

SALVATOR: Haloo? Imekatika?

DONATILLE: Nipo.

SALVATOR: Inarudisha, dada. Mimi mwenyewe sikuamini. Kumbe ukifuta faili, maneno hayaendi popote. Mashine inafuta herufi ya kwanza ya jina, basi, inajifanya halipo. Maneno yamelala palepale kwenye diski, mpaka—

DONATILLE: Mpaka nini?

SALVATOR: Mpaka uandike kitu kingine kikaja kukaa juu yake. Ndugu, subiri kidogo, na mimi nilisubiri. Samahani, ni huyu wa nyuma yangu kwenye foleni. Nilikuwa nasema nini?

DONATILLE: Kitu kingine kikaja kukaa juu yake.

SALVATOR: Ndiyo. Sasa ombi langu. Hapa Tabora nimeijaribu kwenye mashine mpya, imekubali. Lakini sitaki kuiandika kitabuni kabla sijajua mashine za zamani zinasemaje, na yako ndiyo bibi wa zote. Imewaka?

DONATILLE: Imewaka. Ila subiri, jenereta… Mzee Masele. Mzee wangu, usizime kwanza. Najua dizeli imeisha mjini, najua. Bosi hayupo, nitamwambia mimi. Kidogo tu, baba. Asante. Haya, mwalimu. Niambie niandike nini.

SALVATOR: Ingia kwenye programu kama siku zote. Halafu andika U kama Uvinza. N kama Namanyere. D kama Dodoma. E kama Edeni. L kama Lindi. Enta.

DONATILLE: Uvinza, Namanyere… Enta. Inafikiri.

SALVATOR: Iache ifikiri. Ni mzee huyo.

DONATILLE: Imeleta majina. Mengi. Yote hayana vichwa. Alama ya kuuliza, halafu ARUA.

SALVATOR: Barua hiyo. Umeona? Imekubali. Aisee, imekubali mpaka kwenye hiyo mashine. Endelea, kuna nini tena?

DONATILLE: IPOTI. IPOTI tena. SHAHARA, huo mshahara wa mwaka juzi. Halafu chini kabisa…

SALVATOR: Chini kabisa nini?

DONATILLE: ABA.

SALVATOR: Saba? Taba? Mbona kafupi hivyo. Haya, jaribu hilohilo, ni dogo. Liteue, bonyeza enta. Litakuuliza herufi ya kwanza, maana mashine yenyewe haiikumbuki, aliyeliandika ndiye anaijua. Unaijua?

DONATILLE: Naijua.

SALVATOR: Herufi gani?

DONATILLE: B.

SALVATOR: Donatille. Hili ndilo ulilonipigia mwezi wa kwanza?

DONATILLE: Ndilo.

SALVATOR: Uliniambia faili moja limefutika. Nikadhani ni la ofisi.

DONATILLE: Nilisema faili moja. Ningesemaje tena? Nilikuwa naandika mambo yangu kwenye mashine ya ofisi, saa ya chakula, bosi hajui. Ningeanza kueleza kwenye simu ya ofisi, amekaa hapo nyuma ya pazia?

SALVATOR: Lilikuwa na nini?

DONATILLE: Uniti zako, mwalimu.

SALVATOR: Achana na uniti. Lilikuwa na nini?

DONATILLE: Baba. Ni hivi. Baba hakuwahi kutusimulia safari ya mwaka wa sabini na mbili. Tulijua tu tulitoka Burundi kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni, Didace kaka yangu akitembea, na mama tulikuwa naye mwanzo halafu mwisho hatukuwa naye. Ukimuuliza, anachukua jembe anatoka. Alipoanza kuugua ndiyo akafungua mdomo. Kila jioni kidogo, kwa Kirundi, taratibu, anapumzika kwa ajili ya kifua. Asubuhi nakuja hapa, saa ya chakula naandika yote aliyosema, kwa Kiswahili. Miezi karibu yote ya kiangazi. Akaniambia, Donatille, uyaweke vizuri, mimi sitayarudia. Hakuyarudia.

SALVATOR: Hukutoa nakala? Hata ya disketi?

DONATILLE: Disketi zinafungiwa kabatini, mwalimu, na ufunguo anao bosi. Karatasi nilisema nitachapa nikimaliza. Tulipotoka msibani nikarudi kazini, nikakuta diski imejaa, mashine inagoma. Nikafungua kitabu chako, ukurasa wa kusafisha. Nikafuta kama kilivyosema, moja moja. Sikuwa nalala siku zile. Nikafika kwenye B nikabonyeza.

SALVATOR: Halafu ukanipigia.

DONATILLE: Hapohapo.

SALVATOR: Haya. Haya, andika hiyo B. Enta. Andika, dada, acha nisikie.

DONATILLE: Nimebonyeza. Imeandika Kizungu. Subiri nikusomee… Inasema sehemu kubwa ya faili hili inatumiwa na mafaili mengine. Inauliza, irudishe iliyobaki? Ndiyo au hapana.

(Laini inakwaruza. Sauti za watu wengine zinaingia kwa mbali na kupotea.)

DONATILLE: Mwalimu? Nibonyeze ipi?

SALVATOR: Tangu siku ile umeandika nini humo?

DONATILLE: Ripoti za mbegu. Ya Mwamkulu, ya Kawajense, za vijiji vyote. Bosi alizitaka kabla msimu haujaisha.

SALVATOR: Kwenye mashine hiyohiyo?

DONATILLE: Kuna nyingine?

SALVATOR: Hapana. Ni kweli. Hakuna nyingine.

DONATILLE: Nibonyeze ndiyo?

SALVATOR: Bonyeza. Halafu lifungue.

DONATILLE: Limefunguka. Ni fupi, mwalimu. Lilikuwa refu, nilikuwa nashusha mpaka kidole kinachoka. Hili…

SALVATOR: Soma.

DONATILLE: "Mbegu za mahindi za Mwamkulu zimechelewa kwa sababu ya barabara. Wakulima wanaombwa kuvumilia hadi…" Hii si yake. Hii ni mimi. Hii ni ripoti yangu.

SALVATOR: Shuka chini. Ripoti imekalia mwanzo. Inapoishia, labda chake kinaanza.

DONATILLE: "…kuvumilia hadi nde wa kulia wa ule mti."

SALVATOR: Sijakusikia.

DONATILLE: Hata nukta hakuna katikati. "Hadi nde wa kulia wa ule mti. Hapo ndipo nilipomlaza mama yenu. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, nilichimba kwa sufuria. Didace alishika mwenge wa nyasi. Asubuhi tukaendelea mpaka barabara kubwa, lori la serikali likatukuta."

SALVATOR: Dada.

DONATILLE: Nde wa kulia. Upande wa kulia. Penye "upa" pamekaliwa na "wakulima wanaombwa kuvumilia".

SALVATOR: Na juu ya hapo? Mti gani, kijiji gani. Hakuna kipande kingine? Rudi kwenye majina, jaribu tena, labda limegawanyika.

DONATILLE: Narudi… Uvinza, Namanyere, Dodoma… Majina yaleyale. ABA halipo tena, limeshakuwa BABA. Hakuna jingine.

SALVATOR: Chini je? Baada ya lori?

DONATILLE: Chini kumepona. Lori, halafu kambi, halafu Katumba, mbung'o, tulivyogawiwa majembe. Halafu mbuzi wa jirani yetu Melkiadi aliyekula mihogo yetu mwaka wa pili. Ukurasa mzima wa mbuzi, mwalimu. Kesi ilivyopelekwa kwa mwenyekiti, mbuzi alivyofungwa, Melkiadi alivyosusa kwenda kanisani. Hakuna hata nukta iliyopotea.

SALVATOR: Lakini wewe ulisikia. Alikusimulia wewe, kwa masikio yako. Kaa chini utulie, utakumbuka.

DONATILLE: Unadhani sijakaa? Nakumbuka siku niliyoandika. Nakumbuka bosi aliingia, nikaficha kioo na kitenge, nilikuwa nanuka jasho. Nakumbuka ugali ulipoa. Alichosema baba kuhusu mahali pale hakipo. Nikishaandika nilikuwa nasahau, mwalimu. Kila siku hivyohivyo. Nilikuwa naacha kichwa kipumzike, maana nilijua yapo mle.

SALVATOR: Didace je? Yeye alishika mwenge.

DONATILLE: Alikuwa na miaka sita. Anakumbuka mwenge. Mti hakumbuki.

SALVATOR: Mwezi wa kwanza ulinipigia hapohapo.

DONATILLE: Ndiyo.

SALVATOR: Kabla hujaandika ripoti hata moja.

DONATILLE: Zilikuwa bado.

SALVATOR: Siku ile lilikuwepo lote. Lote lilikuwa limelala hapo. Mimi nilikwambia nini siku ile?

DONATILLE: Uliniambia pole.

SALVATOR: Baada ya pole?

DONATILLE: Laini inakwaruza, mwalimu, sikusikii vizuri.

SALVATOR: Unanisikia. Nilikwambia kilichofutwa kimefutwa, endelea na kazi. Ndivyo nilivyosema?

DONATILLE: Mvua imezidi huku. Hebu tumalize habari ya kitabu, hao wa nyuma yako watakupiga. Si umesema unataka kuiandika?

SALVATOR: Donatille—

DONATILLE: Una kalamu?

SALVATOR: Ninayo.

DONATILLE: Basi andika. Mashine za zamani zinakubali. Amri ndiyo hiyo, herufi zake hizo, na mtu ataulizwa herufi ya kwanza ya jina.

SALVATOR: Naandika.

DONATILLE: Halafu andika hivi. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, usiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Hata barua. Hata kama bosi anasubiri. Simama, toa mikono, tumia amri hii kwanza.

SALVATOR: "…hata kama bosi anasubiri." Kitabu hakisemi hivyo, dada.

DONATILLE: Kiseme hivyo. Watu ndio hao.

SALVATOR: Nimeiandika. Na nataka niweke maneno mengine, kwamba toleo la kwanza lilikosea, kwamba kuna mtu—

DONATILLE: Usiniweke kitabuni.

SALVATOR: Bila jina.

DONATILLE: Hata bila jina. Anayefungua kitabu kile ameshapoteza kitu, hataki kusoma habari za mwingine. Mwambie la kufanya. Iweke ukurasa wa kwanza kabisa, juu.

SALVATOR: Ukurasa wa kwanza… Stensili za kuchapia zimeshakatwa, dada. Zote. Nafasi iliyobaki ni ya nyuma, baada ya anwani.

DONATILLE: Baada ya anwani nani anafika?

SALVATOR: Nitaandika kwa mkono. Ndiyo. Kila kitabu nitakifungua mwenyewe niandike mbele kwa kalamu nyekundu.

DONATILLE: Na vile vya zamani? Mlivyogawa mwaka jana?

SALVATOR: Viko Kigoma, Sumbawanga, Kasulu, misheni huko. Vingine sijui vilifika wapi, vilichukuliwa na watu wa semina.

DONATILLE: Hao utawapigia simu?

SALVATOR: Wenye simu, ndiyo.

DONATILLE: Na wasio na simu?

SALVATOR: Nitaandika barua. Lakini njia zenyewe unaziona. Barua itafika lini? Sijui. Kwa kweli sijui, dada. Subiri. Ndugu, nimekuambia namaliza. Huyu mtu anagonga kioo. Na uniti zinapepesa, zimebaki chache.

DONATILLE: Basi tuagane, mwalimu. Asante kwa kupiga.

SALVATOR: Unanishukuru nini sasa? Sikiliza. Reli ikifunguka nakuja. Nakuja na disketi zangu, nikae kwenye hiyo mashine, nipekue diski nzima kipande kwa kipande. Pengine kuna kona haijakaliwa.

DONATILLE: Bosi anataka ripoti ya mwezi huu Ijumaa.

SALVATOR: Usiiandike.

DONATILLE: Nitaacha kuiandika niseme nini? Mimi mkimbizi, mwalimu. Kiti hiki kina watu kumi wanakisubiri.

SALVATOR: Iandike kwa mkono.

DONATILLE: Nitajaribu. Akikubali.

SALVATOR: Na hicho kipande kilichorudi, kichape leo. Sasa hivi, kabla jenereta halijazimwa.

DONATILLE: Nitakichapa. Didace anakuja kesho kutoka Katumba kwa baiskeli. Amepata kibali cha kwenda Kasulu na lori la kanisa, watamshusha njiani kule mpakani. Amenunua saruji, kidogo, na msalaba ameshachonga. Alikuwa ananisubiri mimi nimpe maelezo ya mahali.

SALVATOR: Hajui kama limefutika?

DONATILLE: Nilimwambia bado nachapa. Mwezi mzima namwambia bado nachapa.

SALVATOR: Sasa utampa nini?

DONATILLE: Hiyo hiyo. Upande wa kulia wa ule mti.

SALVATOR: Mti upi, dada? Kule ni pori.

DONATILLE: Atauchagua mmoja.

SALVATOR: Halafu?

DONATILLE: Halafu atasimika msalaba, apige picha, arudi. Na mimi nitamwambia ndio wenyewe, baba alisema hivyohivyo. Si ndiye aliyeshika mwenge? Ataamini.

SALVATOR: Donatille, mimi ndiye nilikwamb—

DONATILLE: Kwaheri, mwalimu. Tuombeane. Wasalimie Kar—

(Laini imekatika.)